Muulize Ami: Tumesaini karatasi ya timbo, tumekwisha?

Mwezi huu barua zote ni za mawe. Moja ya Rabai, moja ya Tiwi, moja ya Kaloleni, na kuna mmoja hakusema anatoka wapi lakini anataka kufunga barabara. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu najua wengi wenu mko kwenye hali hiyo hiyo, kazi Mombasa mjini, nyumbani ni bara huko, na habari mnazipata kwa simu zikiwa zimeshapoa.

Shikamoo Ami. Mimi nakaa Mikindani lakini kwetu hasa ni Rabai, ukifika Mazeras unaingia ndani kidogo, mama yuko huko na kaka yangu mkubwa na watoto. Sasa juzi kaka akanipigia ati kuna kampuni inataka kufungua timbo la mawe na krasha ya kokoto kwenye kile kilima nyuma ya shamba letu, wala si mbali, ukisimama mlangoni kwa mama unaviona vigingi walivyopiga rangi nyekundu. Walikuja na chifu wakaitisha baraza chini ya mwembe, wakagawa soda na mkate, wakasema vijana watapata kazi na barabara itatengenezwa, halafu karatasi ikazunguka kila mtu aandike jina na namba ya kitambulisho na sahihi. Mama akaweka kidole. Hakuna aliyesomewa kitu. Sasa kijijini wanasema ile karatasi ndiyo ruhusa tumeshatoa, ukipinga utaulizwa mbona ulisaini. Kisima chetu kiko bondeni chini ya hicho kilima na shule ya msingi iko upande wa pili. Je tumekwisha ama bado kuna njia? Na sisi tunaokaa mjini tuna haki ya kusema ama ni wale wanaolala pale tu?
*Binti wa Rabai, Mikindani*

Marahaba mwanangu. Hamjakwisha, wala hamjaanza.

Hiyo karatasi inaonyesha kwamba mamako alifika barazani siku hiyo, basi. Ni orodha ya waliohudhuria. Haiwi leseni na haiwi kibali, na chifu naye hana leseni ya timbo ya kumpa mtu hata akitaka. Lakini usiidharau, kwa sababu najua inakokwenda: itabandikwa nyuma kabisa ya ripoti ya kampuni, kwenye kurasa ambazo watu huwa hawazifikii, na juu yake pataandikwa kwamba wananchi walishirikishwa na wakaukubali mradi. Kwa hivyo karatasi inajibiwa kwa karatasi. Kila aliyesaini aandike barua yake fupi, hata mistari mitano inatosha: mimi fulani, tarehe fulani nilihudhuria baraza mahali fulani, niliandika jina kama mhudhuriaji, sikusomewa ripoti yoyote, na mradi huu siukubali kwa sababu hii na hii. Mamako asomewe barua yake kwa Kirabai mpaka aielewe, aweke kidole tena, na aliyemsomea asaini pembeni kama shahidi. Barua thelathini za watu thelathini, kila mmoja na maneno yake, zina uzito kuliko barua moja iliyosainiwa na thelathini, maana ile moja watasema iliandikwa na loya mkaitwa kuja kusaini.

Sasa hizo barua zinakwenda wapi. Timbo liko kwenye orodha ya miradi ambayo sheria ya mazingira ya 1999, ile tunaiita EMCA, inataka ifanyiwe EIA, yaani utafiti wa athari kwa mazingira, na ipate leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kabla hata trekta halijawashwa. Rabai ni kaunti ya Kilifi, hata kama kwa matatu Mombasa ndiyo karibu, kwa hivyo nenda ofisi ya NEMA ya kaunti ya Kilifi usiende kupoteza siku yako kwenye ofisi ya Mombasa. Ukifika uliza mambo matatu na uyaandike. Ripoti ya mradi huu imeshaletwa? Ni ripoti fupi ya mradi ama ni utafiti kamili wa EIA? Na siku ya mwisho ya kupokea maoni ni lini? Hilo la pili watu hulipita lakini mimi naona ndilo lenye mtego, kwa sababu kampuni ikipita na ripoti fupi, mlango wa wananchi unakuwa mwembamba sana, ukikuta mradi wa krasha na baruti umepelekwa kama kitu kidogo basi malalamiko yenu ya kwanza yawe ni hayo, kwamba mnataka utafiti kamili.

Utafiti kamili ukiletwa, tangazo hutoka gazetini na matangazo mengi hutoa siku 30 za kuleta maoni. Nani huko kwenu ananunua gazeti kila siku? Hakuna. Kwa hivyo wewe uliye mjini hiyo ndiyo kazi yako, kuangalia magazeti na tovuti ya NEMA, na siku tangazo likitoka lipige picha ulitume kwenye grupu ya familia na ya kijiji siku hiyo hiyo. Ripoti yenyewe mnaruhusiwa kwenda kuisoma ofisini saa za kazi. Ukiambiwa bosi hayuko njoo kesho, andika ombi la kuiona ukitaja kifungu cha 35 cha Katiba, haki ya kupata habari, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Na ile baraza ya soda: kanuni za EIA za 2003 ziliweka wazi kwamba mwenye mradi abandike mabango karibu na eneo, atangaze gazetini na redioni, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu wataoathirika, na notisi itoke angalau wiki moja kabla. Nyinyi mmepata baraza moja na mkate. Msidhani hili ni jambo dogo la utaratibu. Mwaka 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa, ile wanaiita NET, ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, mradi mkubwa ajabu, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, mikutano ilikuwa ya kuwajulisha tu mradi, ripoti yenye madhara ndani yake hawakupelekewa wakaijadili. Kama mradi wa ukubwa ule uliangukia hapo, timbo la Rabai nalo laweza kuangukia hapo hapo.

Lakini "tunapinga" peke yake haitoshi, mwanangu. Afisa anayesoma barua hizo amesoma mia za "tunapinga". Andikeni vitu ambavyo aliyeandika ripoti akiwa amekaa Nairobi hawezi kuvijua. Kisima kiko hatua ngapi kutoka kwenye kile kigingi, nyumba ngapi zinachota, mwezi gani maji hupungua, kuna siku kilikauka kabisa? Watoto hupita njia gani kwenda shule, na malori yatapita njia gani, ni hiyo hiyo moja? Makaburi yako wapi? Na upepo. Hili sijaona likiandikwa vizuri hata mara moja na sisi watu wa pwani ndio tungepaswa kulijua kuliko wote: kusi ikivuma, kuanzia kama mwezi wa nne hadi wa tisa, vumbi la krasha litaelekea wapi, na kaskazi ikiingia litaelekea wapi? Simama juu ya kilima na kaka yako uangalie. Kama kusi inapeleka vumbi shuleni na kaskazi inalipeleka kwa mamako, basi hakuna msimu wa mtu kupumua, na hiyo ni sentensi moja inayoweza kuandikwa na mtu yeyote wa hapo.

Na muulize ni mawe gani. Mawe ya matumbawe ya huku ufuoni vumbi lake ni chokaa zaidi. Mawe ya Mazeras ni ya mchanga, yana silika, na silika iliyosagwa ikawa unga mwembamba ndiyo inayoingia kwenye mapafu ikakaa huko, haitoki, ugonjwa wake unaitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuponya. Kwa hivyo ripoti ikisema vumbi litamwagiwa maji, ulizeni maji hayo yatatoka wapi, kwa sababu kama ni bondeni kwenye kisima chenu tumerudi pale pale.

Halafu kuna swali hukuuliza: hicho kilima ni cha nani? Kafanye sachi, yaani kuangalia rekodi za mwenye ardhi, kwenye ofisi ya ardhi. Kama ni cha mtu binafsi mwenye hati, bado kaunti lazima itoe kibali cha kubadilisha matumizi kutoka shamba kuwa timbo, na hapo pia mnaweza kupeleka pingamizi. Kama ni ardhi ya jamii, sheria ya 2016 inataka thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii waliokutana wakubali mkataba wa uwekezaji, si wazee watatu na chifu. Na kama kuna kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, karibu, hata kama si ile kubwa ya Rabai ambayo pamoja na nyenzake iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, waandikieni Makumbusho ya Taifa nao, msiwaache nje.

Haki ya wewe wa Mikindani: unayo yote. Kifungu cha 42 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na cha 70 kinasema ukienda kortini huhitaji kuonyesha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Hata asiye na ndugu Rabai anaweza.

Mkishindwa na leseni ikatoka, kuna siku 60 za kukata rufaa NET. Sitini zinaisha haraka, arobaini za kwanza huisha kwa watu kuulizana nani anajua loya. Na mkikata rufaa ombeni palepale amri ya kusimamisha kazi, msidhani rufaa yenyewe inazima mashine. Mimi nasisitiza hizi siku za mwanzo kwa sababu hapa hapa Mombasa tumeona Owino Uhuru: kiwanda cha kuyeyusha betri kikawatia watu sumu ya madini ya risasi kwenye damu, watoto pia, korti ya mazingira ikawapa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaziondoa, mpaka Mahakama ya Juu ikazirudisha mwaka 2024. Walishinda, naam. Lakini hesabu miaka, na damu haikungoja kesi iishe.

Ami vipi. Mimi ni kijana wa Tiwi, nimemaliza fomu foo sina kazi nabeba mizigo Kongowea. Huku kwetu kampuni ilikuja kutaka kuchimba mawe ya kujengea na wazee wamepinga mpaka basi, na wanaopinga sana ni wale ambao watoto wao wako na kazi mjini ama wako Gulf. Sisi tusio na kitu tunaambiwa tulinde mazingira. Mazingira nitakula? Kwani hizo nyumba za Nyali zimejengwa na nini?
*Msiniite Mvivu, Tiwi*

Zimejengwa na mawe ya kwenu, kijana wangu, na hii ninayokaa pia. Kwa hivyo sitakudanganya kwamba timbo ni haramu. Watu wote wa Mombasa wakianza kukataa mawe tutarudi kwenye udongo na makuti, ambayo si mabaya lakini hakuna anayetaka. Ugomvi wangu mimi ni mahali na masharti. Timbo la mita mia mbili kutoka shule si sawa na timbo la kilomita mbili, ingawa jiwe ni lile lile na kazi ni ile ile.

Na hapo Tiwi kuna jambo moja zito: visima virefu vya Tiwi ndivyo vinavyopeleka maji sehemu kubwa ya pwani ya kusini. Mwamba ule una matundu kila mahali, maji yanapita humo humo, dizeli ya mashine ikimwagika haikai juu ikakungoja uifute. Wazee wakilia maji usiwaone wanakuonea wivu.

Lakini la kazi uko sawa na wazee wenu wamekosea kukuacha nje ya mkutano. Ingia. Ila ukiingia usiulize "mtatuajiri?" kwa sababu jibu ni ndiyo kila siku. Uliza wangapi, kwa mkataba ama kwa lori, nani atanunua maski na helmeti, na jiwe likinivunja mguu bima ya WIBA, ile ya kuumia kazini, iko? Sheria ya 2007 inamtaka mwajiri awe nayo. Ikiwa kazi yenyewe ni kupakia lori kwa kichwa unalipwa kwa safari na ukiumia unarudishwa kwa mamako na elfu mbili ya panadol, hiyo ni Kongowea ile ile, afadhali hata Kongowea kuna kivuli. Mwambie mwenye kampuni aandike kwenye ripoti idadi ya ajira na mishahara. Akikataa kuandika ushajua.

Kitu kingine mkidai nyinyi vijana kitakuwa na nguvu: shimo likiisha mawe itakuwaje? Kiwanda cha simenti cha Bamburi walianza kupanda miti kwenye mashimo yao mwaka 1971, René Haller aliyesimamia kazi hiyo alijaribu miti mingi ikafa, mvinje ukashika, kisha akaleta majongoo wakawa wanakula yale majani makavu ya mivinje mpaka udongo ukapatikana juu ya mwamba mtupu. Leo ndiyo Haller Park watu wanalipa kuingia. Inawezekana, lakini inataka pesa na miaka na mtu mwenye nia, na mashimo mengi ninayoyapita mimi huko njiani yako wazi tu, mvua ikinyesha yanajaa, mbuzi na watoto wanaingia. Sheria inatambua dhamana ya pesa inayowekwa kabla kwa ajili ya kufukia na kupanda. Ulizeni dhamana ni shilingi ngapi na imewekwa wapi.

Salaam aleikum Ami. Sisi Kaloleni timbo lishafunguliwa, wanalipua baruti, nyumba yangu imepasuka kutoka dirishani hadi chini. Nimekwenda kwa meneja ananiambia nyumba yangu haina msingi mzuri ndiyo maana. Nifanye nini?
*Mwenye Ufa*

Waaleikum salaam. Pole sana. Hilo jibu la msingi ni lao la siku zote, na laweza hata kuwa kweli nusu, ndiyo maana unahitaji ushahidi wa ufa unaotembea.

Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia juu na chini, andika tarehe ukutani kwenyewe. Piga picha na sarafu ya shilingi kumi imewekwa kando ili upana uonekane. Halafu tafuta kipande chembamba cha kioo, kibandike kwa simenti katikati ya ufa, upande huu na huu. Kioo hakivutiki, ukuta ukisogea hata kidogo kinavunjika. Kila wakilipua andika kwenye daftari siku na saa, na kioo kikivunjika andika kilivunjika baada ya mlipuko upi. Majirani wafanye vile vile. Nyumba ambazo hazijapasuka zipigwe picha leo, kuta zote, hilo watu hulisahau na ndilo linalozima ule mdomo wa msingi.

Kisha peleka nakala NEMA ya kaunti na kwa Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira. Taja kanuni za kelele na mtetemo za 2009, zinasema mtetemo usizidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa mwenye mradi, na uombe waje na mashine wapime siku ya kulipua. Siku ya kulipua, si Jumapili. Na waulize kibali cha baruti, kile kinatoka upande wa wizara ya madini, nacho kina masharti yake.

Ami tumechoka na barua, tunataka kufunga barabara malori yasipite. Tutashikwa?

Mkifunga barabara na mawe na matairi, ndiyo, mtashikwa, na kampuni itafurahi kwa sababu kuanzia siku hiyo habari ni nyinyi na si timbo. Maandamano ya amani Katiba imeruhusu kwenye kifungu cha 37. Mpelekeeni OCS, mkuu wa kituo cha polisi, notisi ya maandishi siku tatu kabla au zaidi, isizidi kumi na nne, mseme mtapita wapi na saa ngapi, ndani ya saa kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Hamuombi ruhusa hapo, mnamjulisha. Bebeni nakala mbili, moja aipige muhuri mrudi nayo, na siku yenyewe wekeni akina mama mbele na vile vidumu vya maji vyenye vumbi, mabango machache yenye maandishi makubwa yanayosomeka kwenye picha ya simu, na mtu mmoja tu wa kuzungumza na waandishi wa habari. Lori likija lipite.